Kusoma na kuandikia ripoti kipimo cha usingizi cha kuvaliwa: naomba mwongozo

TabibuNyanda aliuliza:

Salaam kwenu wenzangu wa tiba. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini, na ninaomba mwongozo kwa wale waliozoea vipimo vya usingizi. Tumepata kifaa kidogo cha kupima ugonjwa wa kukata pumzi usingizini, ambacho mgonjwa hukivaa nyumbani usiku mmoja: kina mkanda wa kifuani, mirija ya puani na kihisi cha kidoleni. Asubuhi akikirudisha, programu hutoa ripoti ya kurasa kadhaa yenyewe, na naona tumeanza kuzibandika kurasa hizo kwenye faili kama tunavyobandika majibu ya damu, bila mtu kuzisoma kwa makini wala kuziandikia maelezo.

Mgonjwa aliyenifanya niulize (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) ni dereva wa lori la masafa marefu, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, umri wa miaka 47. Mkewe anasema anakoroma na kwamba amemwona akikata pumzi mara nyingi. Shingo yake ina sentimita 43, BMI (uwiano wa uzito na urefu) ni 34, na presha inasimama kwenye 158/96 ingawa anameza dawa mbili. Kwenye STOP-Bang, dodoso la hatari ya kukata pumzi usingizini, amepata 5 kati ya 8, lakini kwenye Epworth, dodoso la kusinzia mchana, amejipa alama 6 tu kati ya 24, yaani anadai hasinzii mchana.

Kifaa chetu kilirekodi saa 7 na nusu, kikahesabu matukio 60 ya pumzi kukatika au kupungua, kikatoa wastani wa matukio 8 kwa saa na kuandika kwamba tatizo ni dogo. Mgonjwa naye ana saa janja ambayo usiku huohuo ilionyesha amelala saa 5, usingizi mzito ukiwa dakika 22 tu, na oksijeni kushuka hadi asilimia 84. Yeye hizo dakika 22 ndizo zinazomtia hofu kuliko kitu kingine chochote.

Je, niamini namba ipi? Taarifa za saa niziandike au niziache? Na ripoti niiandikeje, ikizingatiwa kwamba daktari wa moyo anaisubiri na mwajiri naye ameshaiulizia?

Mapafu_Nairobi alijibu:

Daktari, ahsante kwa kueleza kisa kikamilifu. Ningeanza na namba ile 8, kwa sababu ndiyo inayoweza kumpotosha kila atakayeisoma baada yako.

Katika maabara ya usingizi, ambako mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na misuli ya kidevu hurekodiwa pamoja na pumzi, matukio hugawanywa kwa saa ambazo mgonjwa amelala kweli. Kifaa chako hakipimi ubongo, kwa hiyo hakijui ni wakati gani mgonjwa amelala na ni wakati gani amejilaza tu akiangalia dari. Kinagawanya kwa saa zote za kurekodi. Matukio 60 kwa saa 7 na nusu ni 8. Matukio hayohayo kwa saa 5 ni 12. Kama alilala saa 4 tu, ni 15, na kwa viwango vinavyotumika sasa (5 hadi chini ya 15 ni tatizo dogo, 15 hadi chini ya 30 ni la kati, 30 na zaidi ni kali) mgonjwa amehama kundi bila pumzi yake kubadilika hata kidogo. Ndiyo maana matokeo ya vifaa vya nyumbani hupewa jina lingine, REI (matukio kwa saa ya kurekodi), badala ya AHI ya maabara (matukio kwa saa ya usingizi), na ndiyo maana nakusihi usiziandike kana kwamba ni kitu kimoja.

Kuna upungufu wa pili unaosukuma namba upande huohuo. Kukatika kwa pumzi ni pale mtiririko wa hewa unaposhuka kwa asilimia 90 au zaidi kwa sekunde 10 au zaidi. Hilo kifaa chako kinaliona. Kupungua kwa pumzi ni pale mtiririko unaposhuka kwa angalau asilimia 30, lakini ili lihesabiwe ni lazima oksijeni ishuke, au mgonjwa azinduke. Kuzinduka huko huonekana kwenye mawimbi ya ubongo, ambayo huna. Mtu anayezinduka kila pumzi inapobanwa, kabla oksijeni haijashuka, kwako ataonekana ni mzima. Kisha angalia mipangilio ya programu: je, inadai oksijeni ishuke kwa asilimia 3 au 4? Kanuni hizo mbili zinaweza kumpa mgonjwa mmoja majibu mawili yanayotofautiana sana, na mara nyingi ripoti inayojitoa yenyewe hulitaja jambo hilo kwa maandishi madogo ya mwishoni, kama inalitaja kabisa.

Kwa hiyo 8 ni kiwango cha chini kinachowezekana, na nisingemwandikia daktari wa moyo kwamba tatizo ni dogo. Ningemwandikia kwamba tatizo lipo, na kwamba ukubwa wake haujathibitishwa.

FundiVipimo alijibu:

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi ya kupima usingizi hospitalini Uingereza. Nakubaliana na Daktari wa Nairobi, ila niongeze jambo ambalo ni la kwanza kazini kwetu: kabla ya kusoma jumla yoyote, fungua mawimbi yenyewe. Programu ya kifaa hukisia. Kazi ya mtu ni kupitia usiku mzima kwa macho, kufuta vipande ambavyo mirija ilichomoka au kidole kililaliwa, na kurekebisha matukio yaliyohesabiwa kimakosa. Mwongozo wa AASM, chama cha tiba ya usingizi cha Marekani, wa mwaka 2017 kuhusu vipimo vya nyumbani unadai angalau saa 4 za rekodi safi ya mtiririko wa hewa na oksijeni. Saa 7 na nusu za kifaa kuwashwa si lazima ziwe saa 7 na nusu za rekodi safi, na ripoti inapaswa kutaja zote mbili.

Katika kupitia mawimbi utaona pia mambo ambayo wastani huyameza. Matukio yote 60 yakiwa yamejikusanya saa mbili za alfajiri, au yametokea alipolala chali tu, hiyo ni picha tofauti na matukio yaliyotawanyika usiku kucha. Tazama vilevile kama kifua kinaendelea kuhangaika wakati hewa imekatika: kikihangaika, njia ya hewa imeziba, kikitulia kabisa, amri ya kupumua haikutoka kwenye ubongo, na huyo ni mgonjwa wa aina nyingine, hasa ukizingatia kwamba anakwenda kwa daktari wa moyo.

Kuhusu saa janja, lazima tutenganishe kilichopimwa na kilichokisiwa. Saa inapima mwendo wa mkono na mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, ambao unatoa mapigo ya moyo na makadirio ya oksijeni. Usingizi mzito haiupimi, kwa kuwa usingizi mzito, hatua ya N3, unatambuliwa kwa mawimbi mapana ya polepole ya ubongo. Zile dakika 22 ni makisio ya fomula ya kampuni, na fomula hubadilika toleo jipya la programu linapotoka. Hata sisi tunaosoma mawimbi halisi ya ubongo, kipande kwa kipande cha sekunde 30, hatukubaliani kila mara. Makubaliano kati ya wasomaji wazoefu ni asilimia 80 na kitu. Basi sielewi kwa nini saa ya mkononi itegemewe zaidi ya hapo.

Jambo moja la saa lina thamani kwako, nalo ni muda wa kulala, lakini ulisome ukijua upendeleo wake. Vifaa vinavyotegemea mwendo hukamata usingizi vizuri na hukosa kukesha, kwa sababu mtu aliyetulia macho wazi huhesabiwa kuwa amelala. Saa ikisema 5, ukweli una uwezekano mkubwa wa kuwa chini ya 5 kuliko kuwa juu yake. Hilo linaunga mkono hoja kwamba namba 8 ni ya chini mno. Hata hivyo usigawanye matukio ya kifaa kimoja kwa saa za kifaa kingine ukaandika matokeo yake kama kipimo. Hesabu ile ya 12 na 15 ni ya kukusaidia kufikiri, haiingii kwenye jedwali.

Mapafu_Nairobi alijibu:

Hapo mwisho tunatofautiana kidogo, ndugu. Mimi huiingiza hesabu hiyo kwenye maelezo, kwa sentensi moja inayosema wazi kwamba ni makadirio, kwa kuwa daktari anayepokea rufaa asipoambiwa namba inaweza kupanda hadi wapi, hataona haraka ya kumtafutia mgonjwa kipimo cha maabara. Kwenye jedwali, nakubali, isiingie.

MuuguziPwani alijibu:

Naomba kuchangia upande wa oksijeni, maana mimi ndiye ninayewavisha wagonjwa vifaa hivi huku Unguja na kuvipokea asubuhi.

Kihisi cha kidole kinasoma rangi ya damu kupitia ngozi. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha katika New England Journal of Medicine kwamba, miongoni mwa wagonjwa ambao kihisi kilionyesha asilimia 92 hadi 96, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa na oksijeni iliyo chini ya 88 kwenye damu ya ateri, wakati kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Kosa lenyewe linaelekea upande mbaya: kihisi kinamwonyesha mgonjwa kuwa na hali nzuri kuliko alivyo. Karibu wagonjwa wetu wote wanahusika, na bado sijaona ripoti ya kifaa inayokumbusha jambo hilo. Mimi humwomba daktari aandike sentensi moja kulihusu, hasa panapotajwa muda ambao oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 90.

Halafu kuna mambo madogo ya pwani. Mwanamke aliyetoka harusini akiwa na hina, na zaidi akiwa na piko nyeusi hadi kwenye kucha, tafuta kidole kisicho na rangi, la sivyo ahirisha kipimo. Rangi ya kucha ifutwe. Mikono baridi hudhoofisha mawimbi, na najua huko kwenu Nyanda za Juu mwezi wa sita na wa saba si mchezo. Mgonjwa wa selimundu naye aangaliwe peke yake, kwa sababu oksijeni yake ya kawaida inaweza kuwa ya chini hata akiwa macho. Nisipoandika kiwango chake cha kuanzia kabla hajalala, msomaji atadhani kila kitu kimesababishwa na usingizi.

Fomu ya asubuhi nayo isidharauliwe. Tunamwuliza mgonjwa alizima taa saa ngapi, anadhani alipata usingizi lini, aliamka mara ngapi, kama alikunywa pombe au dawa ya usingizi, na kama usiku huo ulifanana na usiku wake wa kawaida. Dereva anayezoea kulala kwenye kabini ya lori kwa vipande, akipimwa kitandani kwake nyumbani, amepimwa katika usiku ambao si wake.

TabibuNyanda aliandika:

Shikamooni wakubwa, na ahsanteni sana. Nimefungua mawimbi kama nilivyoelekezwa. Rekodi safi ni saa 6 na dakika 40, kwa kuwa mirija ilichomoka alfajiri. Matukio mengi yametokea akiwa chali, na kifua kinaendelea kuhangaika katika karibu yote. Mipangilio ilikuwa asilimia 4. Kwenye fomu alisema alikaa macho hadi saa saba usiku.

Nina maswali mawili zaidi. Sisi tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Je, jambo hilo linabadilisha usomaji? Pili, saa yake haijawahi kumpa tahadhari ya kukata pumzi, ingawa ina uwezo huo, na anatumia hoja hiyo kunieleza kwamba hana ugonjwa.

Mapafu_Nairobi alijibu:

Mwinuko unabadilisha usomaji. Oksijeni ya kuanzia huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, na uhusiano kati ya shinikizo la oksijeni na ujazo wake kwenye hemoglobini si mstari ulionyooka: ukianzia chini zaidi, upungufu uleule wa hewa hutoa mshuko mkubwa zaidi wa asilimia. Pumzi iliyobanwa kwa sekunde 15 inaweza isifikishe mshuko wa asilimia 4 pwani, ikaufikisha Eldoret. Kwa hiyo andika mwinuko wa mahali alipolala na oksijeni yake akiwa macho, na usilinganishe muda wa chini ya asilimia 90 wa mgonjwa wako na wa mgonjwa wa pwani bila kutaja tofauti hiyo. Ukikumbuka na maelezo ya Muuguzi kuhusu ngozi, utaona kwamba makosa mawili yanavuta pande mbili na hakuna anayeweza kukuambia yanakutana wapi. Ndiyo sababu mimi huipa uzito zaidi idadi ya mishuko na umbo la mawimbi kuliko namba moja ya chini kabisa kama ile 84, ambayo huenda ni kidole kilicholaliwa.

Kuhusu tahadhari ya saa: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha kipengele hicho kwa saa ya Samsung Februari 2024 na kwa ya Apple Septemba mwaka huohuo. Ya Samsung hutaka usiku mbili ndani ya siku 10; ya Apple hufuatilia mwendo mdogo wa mkono kwa kipindi cha siku 30. Zote zimekusudiwa kumtahadharisha mtu mwenye dalili za tatizo la kati au kali ambaye hajawahi kugunduliwa, na hazitoi utambuzi wa ugonjwa. Katika takwimu zilizowasilishwa kwa ajili ya saa ya Apple, kipengele hicho kilikamata takriban theluthi mbili ya wenye tatizo la kati au kali, na mara chache sana kikamtahadharisha asiye nalo. Maana yake kwa mgonjwa wako ni kwamba saa ikilia, tuisikilize. Ikinyamaza, haijasema lolote.

Sasa ripoti. Mimi ningeandika hivi, nawe urekebishe upendavyo:

«Mwanamume wa miaka 47 aliyepimwa kwa sababu ya kukoroma, kukata pumzi kulikoshuhudiwa na presha isiyodhibitika kwa dawa mbili, STOP-Bang 5, Epworth 6 kwa maelezo yake mwenyewe. Kipimo cha usiku mmoja nyumbani, mwinuko wa takriban mita 1,700, kwa kifaa chenye mirija ya puani, mkanda wa kifua na kihisi cha kidole (modeli na toleo la programu vitajwe). Mawimbi ya ubongo hayakurekodiwa. Rekodi ilichukua saa 7 na dakika 30, safi ni saa 6 na dakika 40. Rekodi imepitiwa na daktari kwa macho. Matukio 60, mengi akiwa chali, karibu yote ya kuziba kwa njia ya hewa. REI ni 9 kwa saa ya rekodi safi, kwa kanuni ya mshuko wa asilimia 4. Mgonjwa anaeleza kuwa alikesha hadi saa saba usiku, hivyo idadi halisi kwa saa ya usingizi inakadiriwa kuwa juu zaidi, na inaweza kufikia kiwango cha kati. Oksijeni ya kihisi inaweza kuonyesha juu kuliko hali halisi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Hitimisho: ugonjwa wa kukata pumzi usingizini kwa kuziba njia ya hewa upo; ukali wake haukuweza kuthibitishwa kwa kipimo hiki, na haupaswi kuchukuliwa kuwa mdogo. Inapendekezwa: kipimo cha maabara ya usingizi, na tiba isicheleweshwe ikiwa maabara haifikiki kwa wakati, kwa kuzingatia kazi yake.»

Namba 9 nimeipata kwa kugawanya 60 kwa saa 6 na dakika 40. Usiandike alama za usingizi za saa wala dakika 22. Mgonjwa mwenyewe mweleze kwa mdomo kwamba dakika hizo hazikupimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu watu wanaopoteza usingizi kwa kuhangaikia alama za vifaa vyao, na nimeshawaona hapa Nairobi pia, hasa wenye pete janja. Mazungumzo ya dakika tano huwasaidia kuliko vidonge.

FundiVipimo alijibu:

Ripoti ni nzuri. Ningeongeza kama usiku huo ulikuwa wa kawaida kwake au la, nako niandike «kwa maelezo yake mwenyewe», na ningependekeza Epworth irudiwe mkewe akiwapo. Dereva ana sababu zote za kutokiri kwamba anasinzia.

Tahadhari kwa wengine watakaosoma hapa: kama kifaa chenu ni cha mkononi kinachosoma kusinyaa kwa mishipa ya kidole badala ya mtiririko wa hewa, mwulizeni mgonjwa kuhusu dawa zinazozuia alfa, kama prazosini na doksazosini, ambazo hutumika kwa presha au tezi dume, kwa sababu zinaizima ishara yenyewe inayopimwa. Na mgonjwa mwenye moyo uliochoka sana, aliyepata kiharusi, mwenye udhaifu wa misuli ya kupumulia au anayetumia dawa za jamii ya morfini kwa muda mrefu, asianzie kwenye vifaa vya nyumbani kabisa.

TabibuNyanda aliandika:

Nimeielewa. Imebaki barua ya mwajiri, ambaye anataka nakala ya ripoti yenyewe.

MuuguziPwani alijibu:

Ripoti asipewe, Daktari, isipokuwa mgonjwa ameridhia kwa maandishi baada ya kuelezwa kilichomo. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa wenzetu wa Kenya kuna ile ya 2019. Anachohitaji mwajiri ni kujua kama mtu huyu anaweza kushika usukani sasa, na kwa masharti gani. REI 9 haimsaidii chochote, ila itamfanya amfukuze au ampuuze. Mwite mgonjwa kwanza, mweleze hatari ya kuendesha usiku kabla hajatibiwa, andika kwenye faili kwamba umemweleza, kisha mkubaliane maneno ya barua mkiwa pamoja.

Mapafu_Nairobi alijibu:

Nami niongeze hili moja: hifadhi rekodi ghafi ya kipimo, usibaki na kurasa za PDF tu. Atakapofika maabara watataka kuyaona mawimbi wenyewe, na vifaa vingi hufuta usiku uliopita pindi mgonjwa mwingine anapoandikishwa.